Mwembe Haupimwi kwa Kipimo cha Mwaloni

Mwezi Novemba 2025 wajumbe wa mkutano wa 30 wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi walikutana Belém, mji wa kaskazini mwa Brazil unaojulikana kwa jina la Mji wa Miembe. Barabara za kati za mji huo zimefunikwa na miembe mikubwa iliyopandwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Antônio Lemos alipokuwa mkuu wa mji na fedha za biashara ya utomvu wa mpira zilipokuwa zikiujenga upya. Matawi ya upande mmoja wa barabara yamekutana na ya upande wa pili, na mtu hutembea chini yake adhuhuri bila kuguswa na jua. Kwa wengi waliofuatilia mkutano ule kwa mbali, miembe hiyo ilikuwa pambo la picha tu, au kisa cha maembe yanayoanguka na kupasua vioo vya magari. Nadhani ilistahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu inagusa swali ambalo mipango mingi ya kupanda miti mijini hulijibu vibaya: je, mti wa matunda wa nchi za joto unaweza kuhesabiwa kuwa mti wa kivuli, au kivuli ni kazi ya miti ya namna nyingine, mirefu, iliyotulia, isiyodondosha kitu cha kuokota, ambayo mfano wake unaotajwa zaidi ni mwaloni wa Ulaya?

Msimamo wangu ni kwamba ulinganisho wa mwembe na mwaloni, kama unavyofanywa siku hizi, umepotoka tangu mwanzo, kwa kuwa kipimo chenyewe kimechongwa kwa kuutazama mwaloni. Huulizwa mti una urefu gani, utaishi karne ngapi, utaweka tani ngapi za kaboni shinani na utachafua barabara kwa kiasi gani. Kwa maswali hayo mwaloni hauna budi kushinda. Maswali hayo yana maana mahali ambapo jua hupita chini na baridi kali hurudi kila mwaka. Mahali ambapo jua hupita utosini na joto halina likizo, maswali ya kwanza ni mengine, na mwembe huyajibu vizuri kuliko miti mingi inayopendekezwa badala yake. Sisemi kwamba mwembe ni bora kuliko mwaloni. Kauli hiyo haina maana, kwani mche wa mwembe hufa kwa baridi iliyo chini kidogo tu ya nyuzi sifuri, na mwaloni wa Ulaya huhitaji majira ya baridi ili machipukizi yake yaamke ipasavyo. Ninachosema ni kwamba kuuondoa mwembe katika orodha ya miti ya kivuli kwa sababu tu unazaa ni kosa la kufikiri, na wanaolipia kosa hilo ni watu wanaotembea kwa miguu.

Inafaa kueleza kipimo hiki kilikotoka. Taaluma inayoshughulikia miti ya barabarani, ya bustani na ya viwanja vya umma ilikulia Ulaya na Amerika Kaskazini, na zana zake zinabeba alama za huko. Programu ya i-Tree, iliyotolewa na idara ya misitu ya Marekani mwaka 2006 na ambayo sasa hutumika katika nchi nyingi, hukadiria kaboni inayohifadhiwa, vumbi na gesi chafu zinazochujwa hewani, maji ya mvua yanayozuiwa yasitiririke ovyo, na umeme unaookolewa majumbani. Chakula hakimo katika hesabu hiyo. Milinganyo yake ya kukadiria uzito wa mti ilitokana kwa sehemu kubwa na miti ya Marekani, na pale aina fulani ya mti inapokosa mlinganyo wake, huazimwa wastani wa jenasi au wa familia. Kisha mwaka 2021 mtaalamu Cecil Konijnendijk alipendekeza kanuni ya 3-30-300: kila mtu aone angalau miti 3 kutoka nyumbani kwake, kila mtaa uwe na asilimia 30 ya eneo lake chini ya matawi, na pasiwe na nyumba iliyo zaidi ya mita 300 kutoka bustani au uwanja wa kijani. Ni kanuni nzuri na nyepesi kukumbuka, na imewapa wakazi lugha ya kudai haki yao. Lakini haitaji ni mti gani upandwe, na hapo ndipo mazoea huingia. Mpangaji anayetafuta orodha ya miti ya kivuli hukutana na orodha nyingi zilizotungwa kwa ajili ya miji yenye theluji, na sifa inayosisitizwa humo mara nyingi ni kwamba mti usidondoshe matunda mazito.

Tuanze na jua lenyewe. Katika latitudo ya nyuzi 50 kaskazini, ambako mwaloni wa kawaida wa Ulaya, Quercus robur, uko nyumbani kabisa, jua la adhuhuri hufika nyuzi 63 hivi juu ya upeo wa macho tarehe 21 Juni, na nyuzi 16 hivi tu tarehe 21 Desemba. Mchana wa Juni hudumu kama saa 16, wa Desemba kama saa 8. Kwa sehemu kubwa ya siku kivuli cha mti huanguka pembeni, mbali na shina, na kimo ndicho kinachoamua kitafika wapi. Mwaloni wa mita 25 huweza kuukinga ukuta wa nyumba iliyo ng'ambo ya njia. Belém iko kiasi cha nyuzi moja na nusu kusini mwa Ikweta. Huko jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi Machi na mwezi Septemba, na hata siku linapokuwa mbali zaidi na utosi, saa sita mchana haliteremki chini ya nyuzi 65. Kivuli cha saa mbaya kuliko zote huanguka chini ya mti wenyewe, na kimo cha ziada hakiongezi kitu. Kinachohesabika ni upana wa matawi na wingi wa majani. Mti wa mita 12 uliotandaza matawi kwa mita 15 hufunika watu wengi kuliko mti wa mita 30 wenye kichwa chembamba. Mwembe ulioota kwa mbegu na kuachwa ukue una umbo hilohilo: shina fupi nene, matawi yanayoanza karibu na ardhi, na kichwa cha mviringo kilichoshonana hivi kwamba mwanga hufika chini kwa vitone.

Tofauti ya pili ni majani, na hapa miti hii miwili imepita njia zilizoachana kabisa. Mwaloni hupukutisha majani yake kabla ya majira ya baridi kwa sababu kuyabakiza kungeugharimu maji usiyoweza kuyavuta kutoka kwenye udongo ulioganda, na kwa sababu mirija mipana ya maji katika mbao yake huingia viputo vya hewa barafu inapotokea. Kila majira ya kuchipua huunda mirija mipya, na ndiyo maana pete za umri katika mbao ya mwaloni husomeka kwa urahisi. Upukutishaji huo ni baraka kwa wakazi wa nchi hizo, kwa kuwa miezi mtu anapotamani jua lifike dirishani, mti huwa umejivua, ingawa hata matawi matupu huzuia sehemu ya mwanga. Mwembe hauna haja ya mpango huo. Jani lake hudumu zaidi ya mwaka, na machipukizi hayatoki kwa mti mzima siku moja. Ukiusogelea mwembe baada ya mvua kuanza utaona tawi moja limetoa majani mapya, laini kama kitambaa, yenye rangi ya shaba inayoelekea zambarau, yamening'inia kana kwamba yamenyauka. Tawi la jirani bado lina majani ya mwaka uliopita, ya kijani kizito, makavu kwa kuguswa, yanayolia yanaposuguana. Rangi ile ya shaba hutokana na anthosianini, rangi ya asili ya mimea ambayo hulikinga jani changa dhidi ya jua mpaka likomae. Baada ya wiki chache majani hayo hukakamaa, hunyanyuka na kugeuka kijani, na zamu huhamia tawi jingine. Kwa anayepita chini, matokeo ni kwamba hakuna mwezi ambao mti uko mtupu. Programu inayosifu mti kwa kuruhusu jua la Desemba lipite haina namna ya kuisifu tabia hii, na kwenye karatasi ya tathmini hugeuka kuwa si faida wala hasara.

Kuna hoja ya kitaalamu ambayo hutumiwa sana na mara nyingi huhamishwa bila uangalifu, nayo ni ile isemayo kwamba mti mkubwa hupoza kama viyoyozi kadhaa. Msingi wake ni sahihi. Kila gramu ya maji inayogeuka mvuke kwenye jani huondoka na joto la takribani jouli 2,450, maana yake lita moja ya maji hubeba joto linalolingana na umeme wa karibu kilowati-saa 0.68. Lakini mvuke hutoka kwa wepesi pale hewa inapokuwa kavu. Katika nchi za baridi za wastani, mchana wa majira ya joto mara nyingi huwa na hewa yenye nafasi ya kupokea mvuke. Katika pwani na mabonde ya tropiki, hewa imeshashiba. Huko upoaji kwa mvuke hupungua, na kazi kubwa ya mti ni kuzuia mnururisho wa jua usimfikie mtu, lami na ukuta. Shirika la mazingira la Marekani hueleza kwamba sehemu iliyo kivulini inaweza kuwa na ubaridi wa nyuzi 11 hadi 25 za Selsiasi kuliko joto la juu kabisa la vitu vilivyo juani, na hiyo ndiyo namba inayomhusu mchuuzi au mwanafunzi anayesubiri basi. Kipimajoto cha hewa kinaweza kuonyesha tofauti ndogo kati ya chini ya mwembe na barabarani siku ya unyevu mwingi, ilhali mwili huhisi tofauti kubwa. Kwa hiyo, mahali penye unyevu, majani yaliyoshonana ya mwembe yana thamani kubwa kuliko uwezo wowote wa kutoa mvuke, na mti wenye majani machache yenye kupitisha mwanga, hata ukinyonya maji mengi, hausaidii kwa kiasi kilekile.

Hoja nzito zaidi kwa upande wa mwaloni ni umri na kaboni. Mwaloni wa Ulaya huishi karne kadhaa, na mbao yake nzito, iliyojaa kemikali chungu iitwayo tanini, haiozi upesi hata baada ya mti kufa. Kaboni iliyonaswa na mti huo inaweza kukaa ndani ya boriti ya paa kwa vizazi vingi. Mwembe unaweza kuvuka miaka 100, na ipo iliyokwenda mbali zaidi ya hapo, lakini mbao yake hushambuliwa mapema na wadudu watobozi na kuvu, na katika joto la tropiki mti ulioanguka huirudisha kaboni yake hewani kwa haraka. Hilo ni kweli, na sina sababu ya kulipunguza uzito. Hoja hii ilipata msukumo mpya mwaka 2019, mtafiti Jean-François Bastin na wenzake walipochapisha katika jarida la Science makadirio kwamba dunia ina nafasi ya hekta bilioni 0.9 zaidi za miti, zenye uwezo wa kuhifadhi tani bilioni 205 za kaboni. Wanasayansi wengi walipinga ukubwa wa makadirio hayo na waandishi wenyewe wakatoa masahihisho, lakini wazo la kupanda miti trilioni moja duniani lilikuwa limeshashika kasi, na tangu hapo mti wowote unaopandwa popote huulizwa kwanza habari ya kaboni.

Tatizo ni kwamba swali la msitu limehamishiwa barabarani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliounganisha tafiti mbalimbali za miti ya barabarani, ulikadiria kwamba wastani wa maisha ya miti hiyo ni miaka 19 hadi 28. Mti wa barabarani hufa kwa kukosa maji, kwa kugongwa, kwa kukatwa mizizi na mafundi wa mabomba, au kwa kuondolewa njia inapopanuliwa. Sifa ya kuishi miaka 500 haimfai mtu yeyote ikiwa mti utaondolewa ukiwa na miaka 25, umri ambao mwaloni wa Ulaya kwa kawaida bado haujafikia kuzaa njugu zake kwa wingi. Mwembe wa kubebesha, yaani mche ulioungwa kikonyo cha mti mwingine, huanza kuzaa katika miaka 3 hadi 5, na ulioota kwa mbegu katika miaka 6 hadi 10 hivi, kwa hiyo hata maisha mafupi ya barabarani huacha misimu mingi nyuma yake. Tena, kaboni iliyomo katika miti yote ya mji mkubwa ni ndogo sana ikilinganishwa na ile inayotolewa na magari, viwanda na mitambo ya umeme ya mji huohuo. Anayetaka kupunguza kaboni ana mahali pengi pa kuanzia kabla ya kufika kwenye mti wa kando ya njia. Mti wa mjini hupandwa kwanza kwa ajili ya mtu anayepita chini yake, na ni kwa kipimo hicho unapaswa kuchaguliwa.

Hoja ya viumbe hai ina nguvu ya namna nyingine, na naikubali kwa sehemu. Uingereza peke yake, viumbe takribani 2,300 wamehusishwa na mialoni ya asili, wakiwamo ndege, wadudu, kuvu na popo, na 326 kati yao hawapatikani kwenye mti mwingine. Mwembe, ukiwa nje ya eneo la asili yake, yaani kaskazini mashariki mwa India, Bangladesh na Myanmar, ni mgeni, hata kama umelimwa kwa miaka kama 4,000. Kuupanda peke yake barabara nzima katikati ya Amazonia, eneo lenye maelfu ya aina za miti ya asili, si jambo ambalo ningelitetea leo. Lakini tuangalie hoja hii inaelekeza wapi. Inadai mchanganyiko na miti ya asili ya mahali. Haidai mti usiozaa, kwa kuwa miti mingi ya asili ya tropiki huzaa matunda yanayoliwa na watu na wanyama. Hatari ya kupanda aina moja tu si ya mwembe pekee: ugonjwa wa miti ya elm uliua zaidi ya miti milioni 25 nchini Uingereza katika karne iliyopita, na mitaa iliyotegemea mti huo ikabaki wazi. Mwembe nao una chule na ubwiriunga, magonjwa ya kuvu yanayoshambulia maua na majani, na anayepanda miembe mitupu mtaa mzima anajiandalia hasara. Tatizo kubwa zaidi la Belém, kwa maoni yangu, halihusu aina ya mti hata kidogo: miembe yake imejaa katikati ya mji, huku vitongoji vingi vya watu maskini vikikosa mti wa aina yoyote.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayoshinda katika vikao vingi, ni kwamba mti wa matunda ni mchafu na kwa hiyo haufai kuitwa mti wa kivuli. Maembe huanguka, huteleza, huvuta nzi na popo, hupasua vioo, na watoto hurusha mawe. Yote hayo hutokea. Lakini mwaloni unaoitwa msafi nao hudondosha njugu kwa wingi mno katika miaka yake ya neema, hujaza mitaro majani kila mwaka, hutoa chavua inayosafirishwa kwa upepo na kuwaumiza wenye mzio, na huachia hewani isoprini, gesi inayosaidia kuzalisha ozoni pale inapokutana na moshi wa magari. Kuna viwavi wa mwaloni watembeao kwa misafara ambao nywele zao huwasha ngozi na kuumiza macho na koo. Miji ya Ulaya haijauondoa mwaloni kwa ajili ya mambo haya. Imeajiri wafagiaji, imenunua mashine na kuweka ratiba. Usumbufu wa mwaloni umehesabiwa kuwa gharama ya kawaida ya matunzo, na usumbufu wa mwembe umehesabiwa kuwa kasoro ya mti.

Na mwaloni wenyewe haukuwa mti wa kivuli tangu zamani. Sensa kubwa ya ardhi iliyofanywa Uingereza mwaka 1086 ilipima misitu mingi kwa idadi ya nguruwe ambao njugu zake zingeweza kuwalisha, na wenyeji wa asili wa California waliloweka unga wa njugu hizo ili kuondoa tanini, kisha wakaufanya chakula chao kikuu. Mwaloni uligeuka kuwa mti wa kivuli peke yake pale walioupanda walipopata chakula kwingine. Huo ni uamuzi wa kihistoria wa jamii fulani, na hakuna sababu ya kimaumbile inayozilazimisha jamii nyingine kuurudia. Mtawala Ashoka wa India, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliandika katika mojawapo ya maagizo yake yaliyochongwa kwenye nguzo kwamba alipandisha mibaniani, miti mipana ya jamii ya mtini, kandokando ya barabara ili iwape kivuli watu na wanyama, na papo hapo akataja mashamba ya miembe aliyoyaanzisha. Kivuli na chakula viliwekwa ndani ya sera moja.

Pingamizi moja la usafi linastahili jibu la heshima zaidi, nalo ni la sumu. Inaulizwa ikiwa embe lililoiva kando ya barabara yenye magari mengi linafaa kuliwa. Wasiwasi mkubwa hapo zamani ulikuwa risasi iliyotiwa katika petroli, na matumizi yake katika magari yalikoma duniani kote mwaka 2021, Algeria ilipoacha kuiuza. Vumbi la matairi na breki bado lipo, na hutua juu ya ganda. Embe huoshwa na kumenywa kabla ya kuliwa, jambo linaloondoa sehemu kubwa ya vumbi hilo, ingawa kando ya barabara kuu au palipokuwa na kiwanda ni busara kupima udongo na matunda kwanza. Utomvu wa mwembe pia si wa kupuuzwa: mti huu ni wa familia moja na mkorosho, na wapo watu ambao ngozi yao huvimba wakiugusa. Haya ni masharti ya kuchagua mahali pa kupanda, na hayatoshi kuufukuza mti mjini kote.

Nikiwa nimesema hayo, nalazimika kuwageukia wapenzi wa mwembe, kwa sababu upande wetu nao una udhanifu wake. Kampeni nyingi za miti ya matunda hugawa miche ya kubebesha na kuahidi kivuli na matunda kwa pamoja. Mche wa kubebesha huzaa mapema, na katika mashamba ya kisasa hupogolewa ubaki na kimo cha mita 3 au 4 ili uvunwe kwa mkono. Huo ni mti wa matunda halisi, wala hauwezi kumfunika mtu anayetembea. Mwembe unaofunika barabara ya Belém ni mkubwa kwa sababu uliachwa ukue na matawi yake ya chini yakainuliwa hatua kwa hatua. Jina ni moja, miti ni miwili, na anayepanga mtaa lazima aamue anautaka upi. Mbegu pia zina tabia tofauti: aina nyingi za asili ya Kusini Mashariki mwa Asia hutoa machipukizi kadhaa katika kokwa moja, na mengi yake hufanana na mti mama, ilhali aina nyingi za India hutoa chipukizi moja lisilotabirika. Kwa kivuli, tofauti hiyo haina uzito. Kwa anayetaka embe tamu, ina uzito mkubwa, na suluhisho la kawaida ni kuotesha mti wa mbegu wenye nguvu na kuubebesha juu zaidi, kisha kuulea kwa kimo.

Jambo linalosahaulika kabisa katika mabishano haya ni kwamba uzaaji wa mwembe unaweza kuongozwa. Mti mmoja hutoa vishada vyenye mamia na hata maelfu ya maua, na ni chini ya asilimia moja ya maua hayo yanayofikia kuwa embe lililokomaa. Maua hutoka kwenye ncha za machipukizi yaliyokwisha kukomaa, baada ya kipindi cha ubaridi kiasi au ukame. Mtafiti Ramon Barba wa Ufilipino alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba kunyunyizia nitrati ya potasiamu kwenye machipukizi yaliyokomaa huufanya mwembe uchanue nje ya msimu wake, na ugunduzi huo ulibadilisha kilimo cha maembe. Kinyume chake nacho ni kweli: tawi lililopogolewa likiwa limechelewa hutoa machipukizi machanga ambayo hayatachanua msimu unaofuata. Maana yake, mtunza miti anayeijua kalenda ya mwembe anaweza kupogoa upande unaoning'inia juu ya magari miezi michache kabla ya maua, ili upande huo utoe majani matupu, na kupogoa upande wa njia ya miguu mara tu baada ya mavuno, ili uzae tena. Haya hayahitaji mtambo wala fedha nyingi. Yanahitaji mtu aliyefundishwa, na ratiba inayofuata mti badala ya kufuata mwaka wa bajeti.

Linalobaki ni la sheria na desturi za mji, na ndilo gumu kuliko yote. Embe lililo juu ya ardhi ya umma ni la nani? Pale ambapo jibu halijulikani, matunda huangushwa mabichi kwa mawe na fimbo na watu wanaoogopa kutanguliwa na wengine, matawi huvunjika, na wenye magari hulalamika hadi mti ukatwe. Pale ambapo mtaa umekabidhiwa haki na wajibu kwa pamoja, kwamba wakazi wa eneo fulani wavune kwa siku zilizopangwa, wazoe yaliyoanguka na watoe taarifa ya tawi bovu, tunda huondoka mtini kabla ya kuwa taka. Utaratibu huo unahitaji kuandikwa pamoja na mpango wa upandaji tangu siku ya kwanza, kabla mche haujatiwa ardhini, na karatasi ya tathmini inayojazwa kila mwaka iwe na nafasi ya kilo zilizovunwa kando ya nafasi ya upana wa kivuli cha saa sita mchana.